Mashemeji Wanaolala Gereji

Wapo Waswahili wenzetu hapa Maryland wanaofuga paka, wapo wanaolima mchicha nyuma ya nyumba, na wapo ambao Jumamosi haipiti bila kuosha gari. Mimi ni muuguzi, mama wa watoto 2, na ninachokipenda ni misumeno ya mnyororo. Nazungumzia ile mashine ambayo Zanzibar huiita msumeno wa moto na kwetu Mafinga kila mtu huiita chensoo. Ninayo 3 gerejini. Mume wangu, mtu wa Tanga ambaye kwao mnazi una mkwezi wake na mti una shoka lake, ameipa jina la mashemeji. Anasema ni ndugu wa upande wangu, wana kelele, na hawana mpango wa kuondoka.

Watu wakisikia hucheka kwanza, kisha huuliza: muuguzi na chensoo, wapi na wapi? Mtu anayekesha akizuia damu isimwagike, mchana anashika kitu kinachoweza kuondoa mguu kabla hujapiga kelele? Nimeulizwa hivyo kwenye harusi, kwenye kipaimara, na hata kwenye foleni ya kulipia unga wa sembe. Leo acha nijibu kwa maandishi, maana jibu lenyewe ni refu, na ndani yake yumo baba yangu.

Mkwawa wa Mafinga

Nimezaliwa Mafinga, wilayani Mufindi, mkoa wa Iringa. Ukitoka mjini kidogo unaingia kwenye misindano ya Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote Tanzania. Kwetu saa haihitajiki sana. Asubuhi unasikia chensoo zikianza shambani. Mchana unasikia dingdong, vile viwanda vidogo vya kupasulia mbao vinavyohamishwa kutoka shamba hadi shamba. Jioni unasikia malori yaliyobeba mbao yakitafuta barabara kuu. Jumapili kukiwa kimya, watoto wachanga ndio hushindwa kulala.

Babu yangu alipasua mbao kwa msumeno wa mikono, ule wa watu 2, mmoja juu ya gogo na mwingine chini shimoni. Babu alikuwa wa chini, kwa sababu wa juu ndiye aliyekuwa mwenye msumeno. Alikula unga wa mbao miaka mingi, akaapa kwamba mwanawe hataingia shimoni. Mwanawe akawa opereta wa chensoo.

Mashine ya baba ni Stihl 070, aliyoinunua ikiwa imeshatumika na watu wengine. Silinda yake ina sentimita za ujazo 106, na uzito wake unazidi kilo 10 kabla hujatia mafuta. Haina mbio kama misumeno ya siku hizi. Inanguruma kwa sauti nzito na kula gogo la mlingoti bila haraka, kama mzee anayetafuna muwa. Baba aliiita Mkwawa. Wahehe wenzangu wameshaelewa. Mtwa Mkwawa ndiye aliyewapiga Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na hata baada ya kupoteza ngome yake ya Kalenga aliendelea kuwasumbua mpaka alipofariki mwaka 1898. Baba aliona jina linafaa: mashine ya Kijerumani isiyokubali kutawaliwa.

Mkwawa alikuwa na masharti. Mwezi wa 6 na wa 7, baridi ya Mafinga inapouma masikio, hakuwaka mpaka plagi yake ifunguliwe na kupashwa moto kwenye jiko la mama. Mama aliigeuza plagi kwa koleo upande huu, akageuza maandazi upande ule, huku akiuliza, "Mkwawa ameshakunywa chai?" Kamba yake ukiivuta kwa woga, ilikurudisha mkono kwa nguvu mpaka begani. Ukiivuta kwa hasira, vilevile. Baba alikuwa anaikanyaga vizuri, anatulia, kisha anaivuta mara moja, kama mtu anayefungua mlango wa nyumbani kwake. Mashine ikaitika.

Sisi watoto tulitakiwa kukaa hatua 20 kutoka Mkwawa anapoongea. Lakini jioni akiwa amezimwa na kupoa, kazi ya kunoa ilikuwa yangu tangu nikiwa na miaka 10. Tupa ya duara, jino moja baada ya jingine, pasi 3 kila jino, pembe ileile. Ukizidisha upande mmoja, kesho msumeno unakata ukipinda na baba anarudi na mgongo unaouma. Miaka iliyofuata, chuoni, walimu walinisifu kwa kufunga vidonda kwa utaratibu bila kuruka hatua. Niliitikia asante, lakini nilijua sifa ile ni ya ile tupa.

Watatu wa gerejini

Nilifika Marekani mwaka 2014 na diploma yangu ya uuguzi. Nikatunza wazee majumbani huku nikisomea shahada, nikafaulu mitihani ya leseni, na sasa niko wodi ya upasuaji, zamu ya usiku. Tuliponunua nyumba Prince George's County, uani kulikuwa na mti mrefu wa ukoo wa mzeituni, ambao hapa huitwa ash, umekauka kabisa. Uliuawa na yule mbawakawa wa miti, mdudu wa kijani kutoka Asia aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 na kuonekana Maryland mwaka uliofuata. Mti wa aina ile ukishakufa unakuwa mwepesi kukatika, matawi yanaweza kuanguka bila kuaga, kwa hiyo tulilipa wenye leseni wauangushe. Wakaacha magogo chini, kwa bei nafuu zaidi. Asubuhi moja nilisimama juu ya magogo yale na kikombe cha chai, nikasikia mkono unawasha.

Wa kwanza kufika ni Mwalimu. Ni Husqvarna ya rangi ya chungwa, si mpya wala si mzee, ana breki ya mnyororo na vishikio vyenye springi. Nilimwita hivyo kwa sababu haruhusu kuruka somo. Unavuta choki, unavuta kamba mara 2 au 3, na unasubiri kikohozi. Kikohozi ni kidogo sana, mtu anayeongea na simu hatakisikia. Ukikisikia, unarudisha choki ndani na kuvuta mara moja, anawaka. Ukikikosa ukaendelea kuvuta, petroli inajaa ndani ya silinda, plagi inalowa, na Mwalimu anafunga darasa kwa nusu saa.

Wa pili ni Bi Mkubwa. Huyu ni Homelite XL-12, aina iliyotoka mwaka 1963, nilimkuta kwenye mnada wa uani kule Frederick akiwa chini ya meza, amefunikwa na mazulia. Mwili wake ni wa magnesi, hana breki, hana springi, na mnyororo wake haupati mafuta mpaka umbonyeze kwa kidole gumba. Kila baada ya sekunde chache unabonyeza. Ukisahau, mnyororo unakauka na kuanza kutoa moshi. Ni mgonjwa ambaye huwezi kumpa mgongo. Lakini sauti yake, jamani! Kavu, kali, imenyooka, kama mama wa sokoni aliyedhulumiwa chenji.

Wa tatu ni wa betri. Mume wangu alininunulia kwa nia njema, siku ya kuzaliwa, akitumaini majirani watapumzika. Majirani kweli wamepumzika. Unabonyeza tu, unakata. Hana choki, hana kikohozi, hana harufu. Nilimwita Mpole, na huyu ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mkwawa akiwa tayari kukata, kijiji kizima kinajua. Mpole akiwa tayari kukata, yuko kimya kama kopo la maziwa, na ukigusa kitufe nguvu zake zote zinakuja mara moja. Sheria gerejini ni kwamba betri yake inalala kabatini, mbali naye, na ufunguo wa kabati ninao mimi.

Wasomaji mafundi wataniambia kwamba mashine haina tabia, ina sababu. Ni kweli, na sababu hizo ndizo raha yenyewe. Mashine inayozima ikipata joto na kuwaka ikipoa, mara nyingi koili yake imechoka. Inayolia kwa sauti nyembamba ya juu kuliko kawaida, inapata mafuta kidogo mno au inavuta hewa mahali isipotakiwa, na ukiiacha hivyo pistoni itaungua. Inayogugumia kama mtu mwenye mafua, mafuta yamezidi. Petroli ya vituo vya hapa kwa kawaida huchanganywa na spiriti ya mahindi mpaka asilimia 10, na spiriti hiyo huvuta unyevu na kuchakaza mipira ya ndani, ndiyo maana msumeno uliolala na mafuta majira yote ya baridi huamka na kisirani. Kazini hatuna tofauti. Mgonjwa anayesema "najisikia tu vibaya" naye ana sababu. Kazi yangu ni kuketi karibu na kusikiliza mpaka sababu ijitokeze.

Kilianzia leba

Wanaoniuliza muuguzi na chensoo wapi na wapi, huwa nawapa na historia. Mnyororo wa kwanza wenye meno ya kukata haukutengenezwa kwa ajili ya miti. Mwishoni mwa karne ya 18, madaktari 2 wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walitengeneza mnyororo mwembamba wenye meno na kishikio kila upande, unaovutwa kwa mikono. Ulikuwa wa kukatia mfupa uliooza, na wa kupanua nyonga ya mama aliyeshindwa kujifungua, enzi ambazo upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni ulikuwa karibu sawa na kumhukumu mama kifo. Haukuwa na injini wala kelele, ulikuwa mdogo wa kuenea mfukoni. Mwaka 1830 Mjerumani Bernhard Heine akatengeneza kifaa cha mfupa chenye mnyororo unaozunguka kwenye upanga wa chuma kwa kuzungusha mkono. Ukiona picha yake leo utasema ni mtoto wa chensoo.

Msituni ulifika baadaye. Andreas Stihl alitoa msumeno wake wa umeme mwaka 1926, mzito wa kubebwa na watu 2, na mwaka 1929 ukafuata wa petroli. Kampuni hiyo ina kiwanda Virginia Beach, hapa jirani, tangu mwaka 1974. Na yale meno tunayoyanoa leo tunadaiwa na mdudu. Joe Cox, mkata miti wa Oregon, alimtazama buu wa mbawakawa akila kisiki kwa taya 2, moja kushoto na moja kulia, anakwenda apendavyo bila kujali mkao wa nyuzi za mti. Akaenda kutengeneza mnyororo wenye meno ya kupokezana kushoto na kulia, akauanza kuuuza mwaka 1947. Kila ninapopiga tupa namkumbuka yule buu.

Siku ya msiba

Eneo hili letu la Washington lina miti mingi na dhoruba za ghafla. Wenyeji wa muda mrefu wanakumbuka tarehe 29 Juni 2012, upepo ulipovuka usiku na kuwaacha zaidi ya wateja milioni 1 wa Washington, Maryland na Virginia bila umeme, tena kwenye joto kali. Sikuwepo wakati ule, lakini zipo dhoruba ndogo kila kiangazi, na moja ilituangukia siku ya msiba.

Mama mmoja wa kwetu, Silver Spring, alikuwa amefiwa na kaka yake Dodoma. Nyumba ilikuwa na watu wa kuja kutoa pole, wengine wanatoka Baltimore na Richmond. Usiku ule mvua ikaja na upepo, na asubuhi mti wa mbele ulikuwa umepasuka katikati na nusu yake imelala kwenye njia ya magari. Ulikuwa ni ule mpeasi wa mapambo unaoitwa Bradford, wenye maua meupe yanayonuka kama samaki. Mti huo ni mzaliwa wa huku kwetu, ulisambazwa kuanzia mwaka 1963 kutoka kituo cha serikali cha Glenn Dale, hapa Maryland, ukasifiwa sana, kisha watu wakagundua kwamba matawi yake yameshikana kwa pembe nyembamba mno na ukizeeka hupasuka wenyewe.

Nilitoka zamu saa 1 na nusu asubuhi nikakuta ujumbe kwenye kundi la WhatsApp. Nikapita nyumbani kumchukua Mwalimu, helmeti, miwani na buti, nikaenda. Wanaume 6 walikuwa wamesimama kuuzunguka mti wakiwa na shoka 1 na maoni mengi. Mzee mmoja, mwenyekiti wetu wa zamani, aliniangalia nikishusha mashine nikiwa bado na sare ya kazi chini ya koti, akasema, "Haya, nesi amekuja. Mgonjwa ni huyo."

Kwanza nilitazama nyaya za umeme. Hazikuguswa. Kama zingeguswa ningerudi kwenye gari na kupiga simu, kwa sababu waya ulioanguka si kazi ya mtu mwenye huruma, ni kazi ya kampuni ya umeme. Kisha nikatafuta matawi yaliyobanwa. Tawi lililopindwa na uzito wa mti ni upinde uliovutwa, ukilikata upande usiofaa linakupiga usoni. Nikawasogeza wazee hatua 20, ile sheria ya Mafinga. Nikamkanyaga Mwalimu, choki, kamba mara 2, kikohozi. Nilikisikia. Choki ndani, kamba mara moja.

Ilichukua muda wa saa moja na dakika chache. Vijana walibeba magogo, kina mama wakatoa chai na vitumbua nje, na gari la kwanza la wageni wa Richmond lilipofika njia ilikuwa nyeupe kwa maranda. Mama mfiwa alitoka, akanishika mikono yote miwili, akaniambia, "Mwanangu, kaka yangu alikuwa fundi seremala. Harufu hii imenifanya nimlie vizuri." Nilikwenda kulala nikiwa na maneno hayo. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi na sijui kama nimewahi kumpa mtu dawa iliyomfaa hivyo.

Niseme na sheria, maana najua baadhi yenu mmeshaanza kufikiria biashara. Maryland, tangu mwaka 1945, sheria inamtaka mtu anayefanya kazi ya miti kwa malipo awe na leseni ya jimbo. Mimi sichukui hata senti, sipandi juu ya mti, na sikati kilichosimama. Nakata kilicholala chini, kwa watu wetu. Ukiwa ndani ya Washington kwenyewe, mti wenye mzunguko wa kuanzia sentimita 112 hauondolewi bila kibali, hata ukiwa uani kwako, na ukifika sentimita 254 ukiwa mzima, hukati kabisa. Ulizeni kabla, faini zao si za mchezo.

Vidole vya baba

Sasa sehemu niliyoahidi mwanzoni.

Mwaka 2009 nilikuwa mwaka wa 2 wa diploma, nikarudi likizo mwezi wa 7. Asubuhi moja baba alikuwa jikoni ameshika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili, na vidole vyake 4 vilikuwa vyeupe kuanzia nchani mpaka kiungo cha kati. Havikuwa vimepauka tu. Vilikuwa vyeupe kama mshumaa, vyenye mpaka ulionyooka kama vimechovywa kwenye chokaa. Nikauliza. Akasema, "Baridi tu, mama. Inapita." Kweli baada ya robo saa damu ikarudi, vidole vikawa vyekundu na kumuuma, naye akaondoka na Mkwawa begani.

Jina la ugonjwa nililisoma vizuri huku Maryland, darasa la afya ya kazini. Kutikiswa kwa mikono miaka mingi kunaharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu kwenye vidole. Baridi ikija, mishipa inajibana. Mwaka 1918 Daktari Alice Hamilton alikwenda Bedford, Indiana, kuwapima wachonga mawe waliotumia nyundo za upepo, na akawakuta na vidole vyeupe asubuhi za baridi. Baadaye wakata miti wa Ulaya wakaonekana na ugonjwa uleule, ndipo viwanda vikaweka springi na mipira kati ya injini na vishikio. Niliisoma kurasa ile nikiwa maktaba, nikafunga kitabu. Mtu aliyeelezwa mle ndani alikuwa ameshika kikombe cha chai jikoni kwetu.

Nikaanza vita ya simu. Nilituma hela ya msumeno wenye springi. Baba akaununua, akanitumia picha, akamkabidhi mdogo wangu. "Mashine ni nzuri," aliniambia. "Ila hanijui." Nikamwambia, "Baba, mashine haimjui mtu." Akacheka, akasema nimekaa Ulaya muda mrefu. Kwake Marekani pia ni Ulaya. Nilimtumia glavu, nilimwomba apumzike kila baada ya dakika 10, nilimpa mama kazi ya kumchunga. Mama akaniambia mwanaume wa miaka 60 hachungwi.

Kilichommaliza si maneno yangu. Siku moja alinipigia mwenyewe, kwetu ilikuwa alfajiri. Nikaamkia, akaitikia, kisha akanyamaza kwa muda. Halafu akasema, "Mama, siku hizi simsikii."

Nilidhani anasema masikio. Hapana, alikuwa anasema mikono. Miaka yote alimjua Mkwawa kwa viganja. Meno yakianza kuwa butu, kishikio kilimwambia kabla jicho halijaona. Upanga ukikaribia kubanwa, alihisi mtetemo unabadilika akautoa mapema. Sasa vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Siku ile alikata nusu ya shina huku msumeno unatoa unga badala ya maranda, dalili ya meno butu ambayo hata mtoto anaijua, naye hakuhisi lolote mpaka kijana wa pembeni alipomwambia. Akazima. Akakaa kwenye kisiki. Akasema mtu asiyemsikia Mkwawa hana ruhusa ya kumshika, na sheria hiyo aliiweka yeye mwenyewe kwa ajili ya wengine.

Nimelifikiria sana neno lile. Mashine ilimchukua baba kitu kilekile alichokuwa akiijulia. Aliipenda, akaipa jina, akaipashia plagi moto, na yenyewe kila siku ilikuwa inakula kidogo kidogo vidole vyake, bila ubaya wowote, kwa sababu ndivyo ilivyoundwa. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia anapenda msumeno wake mkorofi, nafurahi, kisha namwomba aninyooshee mikono niione.

Na mimi ninazo sababu zangu. Mgonjwa aliyepungukiwa maji mwilini, mshipa wake hauonekani kwa jicho. Unautafuta kwa ncha ya kidole, kama kitu laini kinachodunda chini ya ngozi. Usiku wodini wenzangu huniita nikautafute pale waliposhindwa. Vidole hivi ndivyo vinavyolipa nyumba na kusomesha watoto. Kwa hiyo Bi Mkubwa, asiye na springi, anatoka mara moja kwa mwaka, anakata vipande 2 vya gogo, tunamshangilia, anarudi kwenye zulia lake. Mwalimu ana zamu za dakika 10 na saa ya jikoni inahesabu. Majira ya baridi sikati mpaka mikono iwe na joto. Glavu, helmeti, kinga ya masikio na suruali yenye nyuzi za kuzuia mnyororo havina mjadala. Ncha ya upanga, robo ile ya juu, haigusi kitu, maana hapo ndipo msumeno unapopiga teke kuelekea usoni. Kujua tabia ya mashine ni pamoja na kujua inachokula.

Mkwawa sasa yuko stoo, amefungwa kwenye gunia safi, na baba amepata kazi asiyoitafuta. Vijana wa Mafinga wanarekodi sauti za chensoo zao na kumtumia kwenye simu. Anaketi nje, anaweka simu sikioni, anawajibu kwa ujumbe wa sauti: huyo koili, huyo safisheni kichujio cha hewa, huyo mmemzidishia mafuta. Mwezi wa 5 Mwalimu alianza kulia sauti nyembamba. Nilimtumia baba sekunde 20, kwetu asubuhi, kwao mchana umegeuka. Jibu lilifika kabla sijavua buti.

"Kamwene, mama. Huyo ana njaa, anavuta hewa mahali. Tazama mpira wa kabureta, utakuta una ufa. Usimwashe tena mpaka ubadilishe. Na wewe vidole vikoje?"

Mpira ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nilibadilisha kwa dola 9. Kisha nikapiga picha vidole vyangu kwenye mwanga wa dirisha, vyote 10, vikiwa na rangi yake, nikamtumia.